Alama ya Lighthouse si kasi ya tovuti

Kasi ya tovuti ni muda unaopita tangu mtu abofye kiungo hadi alichokifuata kionekane na kiwe tayari kutumika. Hutajwa kwa sekunde au milisekunde, nayo hutofautiana baina ya mtu na mtu kwa kuwa simu zao na mitandao yao haifanani. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kinachonikera ni kusikia kila mara, tena kwa watu wanaolipwa kujenga tovuti, kwamba "tovuti yetu ina kasi ya 95". Hiyo 95 ni alama kati ya 100 iliyotolewa na Lighthouse, programu ya Google iliyomo ndani ya kivinjari cha Chrome. Lighthouse hufungua ukurasa mara moja, katika mazingira yaliyopangwa. Ikipima kwa upande wa simu, hukadiria mtandao wa takriban megabiti 1.6 kwa sekunde wenye ucheleweshaji wa milisekunde 150, na huchukulia kwamba prosesa ina nguvu robo tu ya ile ya mashine inayopimia. Kwa hiyo ukurasa uleule ukipimwa kwenye kompyuta mbili tofauti, moja imara na nyingine iliyochoka, unaweza kupata alama mbili zinazopishana sana bila mtu kugusa hata mstari mmoja wa msimbo.

Halafu tazama alama hiyo inavyokokotolewa. Tangu toleo la 10, asilimia 30 hutokana na TBT, yaani muda ambao ukurasa umekwama ukichakata JavaScript, msimbo unaouendesha. Asilimia 25 ni LCP, muda wa kuonekana kwa kitu kikubwa zaidi kwenye skrini. Vipimo vingine viwili vimegawiwa asilimia 10 kila kimoja. Asilimia 25 zinazobaki ni CLS, ambayo hupima kama vitu vinarukaruka mahali pake wakati ukurasa ukifunguka. Kurukaruka kunaudhi na ni haki kupimwa, lakini si kasi. Robo nzima ya namba ambayo watu wanaiita kasi haihusu muda hata kidogo!

Namba za watu halisi zipo kwingine. Tangu 2017 Google imekuwa ikitoa takwimu zinazokusanywa kwa watumiaji wa Chrome walioridhia, kila mmoja na simu yake na mtandao wake. Hujumlisha siku 28 zilizopita na kutaja kiwango ambacho ziara 75 kati ya 100 zimekifikia au kukipita kwa uzuri. Malengo yake yanajulikana: LCP isizidi sekunde 2.5, CLS isizidi 0.1, na INP, yaani muda wa ukurasa kuitikia unapoguswa, isizidi milisekunde 200. Hiyo INP iliingia rasmi Machi 2024, nayo haimo kabisa kwenye alama ya Lighthouse, maana Lighthouse inapofungua ukurasa hakuna mtu wa kubofya chochote.

PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kurasa mtandaoni, huweka aina zote mbili za namba kwenye ukurasa mmoja: data za watumiaji juu, alama ya Lighthouse chini. Watu huiruka sehemu ya juu, wakapiga picha duara la kijani la alama nzuri na kumtumia mteja. Inasikitisha, kwa sababu hata Google yenyewe, inapozingatia vipimo hivi katika matokeo ya utafutaji, hutazama zile data za watumiaji.

Sisemi Lighthouse haifai. Ukitaka kujua kama badiliko ulilofanya limesaidia, ndiyo ya kutumia: mashine ileile, dirisha la faragha lisilo na viendelezi, upime mara kadhaa na uchukue alama ya kati. Ukitaka kujua faili gani inawachelewesha wenzake, nenda WebPageTest, zana nyingine ya kupimia, iliyoanzishwa na Patrick Meenan alipokuwa AOL na kufunguliwa kwa umma 2008. Huko utachagua mahali pa kupimia na aina ya mtandao, kisha utaona kila faili ilipoanza na ilipomaliza kupakuliwa. GTmetrix, zana nyingine ya aina hiyo, nayo hutumia Lighthouse tangu 2020, ila kwa kawaida hupima kama kompyuta ya mezani, usipobadilisha mipangilio. Kuilinganisha alama yake na ya simu kutoka PageSpeed Insights ni kulinganisha visivyolingana.

Tovuti yenye wageni wachache huenda isiwe na data za watumiaji kabisa, na Chrome ya iPhone haihesabiwi humo. Hapo njia ya uhakika ni kuweka msimbo mdogo kwenye kurasa zako mwenyewe ukusanye LCP na INP za kila anayeingia.

Kwa hiyo, ndugu mjenzi wa tovuti, ukipata 95, sema "Lighthouse imeupa ukurasa wetu wa mwanzo alama 95 kwa upande wa simu". Na mteja akikuuliza tovuti ina kasi gani, mjibu kwa sekunde, ukimtajia pia ni sekunde za nani: za mashine yako, au za watu wanaoitembelea.