Nyoka wa Kenya Naye Husikia Baridi ya Nairobi

"Fundi, hita ya nini? Si huyu ni nyoka wa hapa hapa Kenya?"

Swali hilo nimeulizwa tena majuma matatu yaliyopita, na aliyeniuliza si mtu wa kubahatisha. Ana kibali, ana kituo kidogo cha nyoka anakopokea wanafunzi, na anawapenda wanyama wake. Alinipigia simu kwa sababu boa wake wa mchanga, nyoka wa kujizika mchangani, jike wa sentimita 60 hivi, alikuwa amekataa kula kwa majuma matano, na panya wa mwisho aliyemmeza alimtapika siku ya nne, manyoya bado yapo na harufu haivumiliki. Mwenyewe aliona tatizo ni udogo wa tangi, akataka nimjengee kizimba kikubwa. Nilifika kwake Uthiru saa mbili asubuhi, Julai hii, ukungu umelala juu ya mabati. Nikaelekeza kipimajoto cha miale kwenye mchanga. Upande wa kushoto nyuzi 17. Upande wa kulia nyuzi 17. Katikati, 17.

Nimejenga vizimba vya nyoka kwa miaka mingi, na nimeshayaona mambo haya mara nyingi mno. Kila mwaka baridi ikiingia, simu ni zile zile: hali chakula, ametapika, anatoa mapovu puani. Na kila mara naambiwa Afrika ni joto.

Kenya haina hali ya hewa moja. Boa wa mchanga, Eryx colubrinus, kwao ni nchi kavu ya kaskazini na mashariki, mahali ambapo mchanga wa mchana humchoma mtu nyayo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na siku nyingine jua halitoki kutwa. Mtu wa Garissa ni Mkenya, lakini akija kulala kwako Julai humnyimi blanketi kwa kuwa ana kitambulisho cha Kenya. Na chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, yule anayejiviringa akawa kama mpira akiogopa, hata Mkenya si.

Hapo mteja wangu akanijibu kama wanavyojibu wote: mbona nyoka wapo Karura, wapo Ngong, wapo kwenye bustani za watu, na hakuna aliyewawekea stima? Ni hoja nzuri na nataka kukaa nayo, kwa sababu ndani yake ndiko kosa lilikojificha. Yule tunayemwita nyoka wa nyumbani, nyoka mdogo asiye na sumu anayewinda panya karibu na makazi ya watu, akiwa kwenye bustani yako hapati joto la siku nzima. Anachopata ni uchaguzi. Kuna jiwe lililopigwa na jua tangu saa nne, kuna rundo la samadi linalochemka lenyewe kwa ndani, kuna nafasi chini ya bati, kuna shimo la panya ambalo halipoi upesi usiku. Huzunguka kati ya sehemu hizo kutwa kucha, leo hapa sentimita kumi, kesho kule mita ishirini, na kwa kuzunguka huko anaushika mwili wake kwenye joto analolitaka. Akishiba hutafuta joto zaidi, akikaribia kujivua hutafuta unyevu. Ukimtia ndani ya sanduku umemnyang'anya yote hayo, na tangi la nyuzi 17 kila upande halimwachii pa kwenda. Bila joto tumbo lake halisagi chakula. Panya anaoza ndani kabla hajasagika, na mwili unamtoa nje kwa usalama wake.

Kwa hiyo mimi sijengi sanduku la kumfungia nyoka. Najenga mteremko wa joto, upande mmoja moto na upande mwingine wa kupumzikia, kisha nauzungushia mbao. Kwa boa wa mchanga nataka nyuzi 32 hadi 35 upande wa moto na 25 hadi 27 upande wa pili. Nyoka wa nyumbani anatosheka na chini ya hapo kidogo.

Kabla ya mbao, kibali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikupi ruhusa ya kuokota nyoka shambani ukamfuga kwa sababu umempenda. Anza na KWS, Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya. Sijengi kizimba cha mtu asiye na karatasi, na cha nyoka mwenye sumu sikijengi kwenye nyumba ya kuishi familia hata mtu anibembeleze vipi.

Tangi la samaki ndilo watu hukimbilia kwanza. Kioo pande nne, wavu juu. Kioo hupitisha joto kuliko mbao, na joto hupanda, kwa hiyo kila kitu unachokilipia stima kinatokea juu kwenye wavu. Mombasa lingefaa. Hapa natumia plaiwudi, ile marine board ya milimita 18. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 inanitolea vipande vinne vya sentimita 90 kwa 45: sakafu, dari, mgongo, na cha nne nakikata katikati kupata mbavu mbili. Vinavyobaki ni vya kizuizi cha mchanga mbele na fremu ya reli za kioo. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliobanwa kwa gundi, iwache kabisa, mkojo mmoja ukiingia kwenye kingo inavimba kama mkate kwenye chai.

Mtarakwa usiingie ndani ya kizimba, iwe mbao au maranda. Ile harufu tunayoipenda kwenye nguzo mpya ni mafuta yanayoumiza mapafu ya nyoka. Saiprasi inanisumbua zaidi, kwa sababu ndiyo mbao ya bei nafuu mjini na maranda mengi ya kuku yametokana nayo. Zamani nilitengenezea fremu za ndani, nikazipaka vanishi ya maji, na sikuona mnyama aliyedhurika. Hata hivyo nimeacha. Siwezi kukuthibitishia kwamba ni hatari ikishakauka na kupakwa, ila sipendi kufanya majaribio kwenye pumzi ya mnyama asiyeweza kukohoa akakuambia. Vanishi nayo naipa majuma mawili ya kukauka, na silikoni hadi ile harufu ya siki iishe kabisa. Mteja akiwa na haraka, namwambia angoje.

Matundu ya hewa: chini upande wa baridi, juu upande wa moto. Hewa inaingia chini, inapashwa, inatokea juu. Ukiyaweka yote juu, unyevu unabaki chini na mapafu yanaanza kuumwa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Yule mteja wa Uthiru, baada ya kuziona zile nyuzi 17, alisema basi atanunua mkeka wa joto auweke chini ya mchanga. Wengi hufanya hivyo, na kwa nyoka wa nyumbani mkeka wenye thamostati, kifaa kinachowasha na kuzima joto chenyewe, na unaofunika theluthi moja ya sakafu, hauna ubaya. Lakini mfikirie boa wa mchanga. Macho yake yameelekea juu ya kichwa ili azikwe mwili mzima na bado aone. Maisha yake yote ni ndani ya mchanga, na mchanga umemfundisha kanuni moja: juu kuna jua, chini kuna nafuu. Akihisi joto limezidi, anachimba. Sasa wewe umeweka jua chini. Anahisi joto, anachimba kulikimbia, na kadiri anavyochimba ndivyo anavyolikaribia. Mchanga nao ni blanketi, unalizuia joto la mkeka lisipande, kwa hiyo juu unapima nyuzi 28 na kuridhika, na kule chini tumbo lake limelalia nyuzi 45.

Nyoka haondoki upesi kwenye kitu kinachomuunguza tumbo, na hilo ndilo watu hawaliamini mpaka walione. Niliwahi kuletewa mmoja aliyelala hivyo. Nilipomgeuza, magamba mapana ya tumboni yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, kiasi cha upana wa vidole vitatu, na moja lilikuwa limeinuka pembeni kama rangi ya ukuta inayobambuka. Mawe ya umeme yanayouzwa kama anasa ya mjusi na nyoka hufanya hivyo hivyo. Usinunue.

Kwa boa wa mchanga, basi, naleta joto kutoka juu: hita ya kauri isiyotoa mwanga, kishikio cha kauri pia, maana cha plastiki huyeyuka, na ngome ya waya kuizunguka ili nyoka asije akajiviringa juu yake. Nawafahamu wafugaji waliotumia mkeka chini ya boa kwa miaka, wanyama wao wanakula na wanazaa. Sisemi ni wauaji. Mchanga wao ni wa kina cha sentimita tatu na thamostati zao wanazikagua kila siku. Wateja wangu wengi hawakagui, na mimi nawajengea wao.

Thamostati si hiari. Zile zinazouzwa Luthuli Avenue kwa wenye mashine za kutotolea vifaranga zinafaa. Kila mtu huniuliza ipi bora, na karibu hakuna anayeniuliza kihisi chake kikae wapi. Thamostati haijui kizimba chako. Inakijua kile kichwa kidogo cha waya tu, na mahali kilipo ndipo panapotawala nyumba nzima. Kikining'inia hewani inapima hewa. Kikibandikwa kwenye kioo inapima kioo.

Mwanzoni nilikuwa nakibandika kwa kile kikombe cha mpira kinachonyonya. Usiku mmoja kikaachia. Nyoka akakisukuma kama wanavyosukuma kila kitu, kikaishia upande wa baridi chini ya gome la mti. Thamostati ikasoma 24, ikaona bado hapajapata joto, ikaiacha hita iwake hadi asubuhi. Nilikuta nyuzi 46 juu ya mchanga upande wa moto. Nyoka alikuwa amejibana nyuma ya bakuli la maji upande wa pili, mzima. Kilichomwokoa ni sentimita 90 za urefu. Kwenye kisanduku kifupi asingekuwa na pa kukimbilia, na mambo haya bado yananiamsha usiku nikisahau kukagua kazi. Siku hizi napitisha waya kwenye tundu la mgongo wa kizimba, nakifunga kihisi kwa klipu ya bati na skrubu mbili, kigusane na jiwe bapa lililo chini ya hita, na mbali na hapo naweka kipimajoto cha pili kisichohusiana na thamostati. Vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi mbili, kuna kilichosogea.

Mengine kwa haraka. Maficho mawili, moja kila upande, yenye kubana kiasi cha mwili wake kugusa kuta. Akiwa na ficho moja tu upande wa baridi atachagua kujificha akaacha kusaga chakula. Mchanga wa Machakos unafaa, lakini uoshe mpaka maji yatoke safi na uukaushe juani, vumbi la ujenzi si la kuvutwa.

Vioo vya mbele vinavyoteleza vina mtego wake. Vikipishana, kati ya kimoja na kingine hubaki upenyo wa milimita tano hivi, na watu hawauoni kwa sababu kwa mbele vinaonekana vimefungana. Kichwa kikipita, mwili wote unapita. Mtoto wa nyoka wa nyumbani ni mwembamba kama penseli. Nabandika ukanda wa silikoni kwenye ukingo wa kioo cha nyuma, naujaribu kwa kusukuma penseli, halafu naweka kufuli.

Kuhusu ukubwa sina jibu la kukata. Wakongwe walisema kizimba kikubwa humtia nyoka woga akaacha kula, vijana wanasema lazima aweze kujinyoosha mwili mzima. Mimi nimehamia upande wa vijana, mradi sakafu isiwe uwanja mtupu. Usiku pia nina mashaka. Jangwa hupoa usiku, basi je, nipunguze joto? Naacha lishuke hadi 23 au 24, na kila Julai najiuliza kama nimeshusha mno.

Kizimba cha Uthiru nilikimaliza juzi. Nakiacha bila nyoka kwa siku tatu, hita ikiwaka, ili niisome nyumba ikiwa tupu. Mteja alitaka kumlisha siku ile ile ya kumhamisha. Nimemwomba angoje siku kumi, aanze na panya mdogo, nusu ya yule wa mwisho. Na nimemwonyesha la kufanya stima ikipotea: chupa mbili za maji ya moto zifungwe kwa taulo, ziwekwe upande wa moto, na blanketi lifunike kioo cha mbele, matundu yabaki wazi. Kama alikuwa amepanga kumlisha usiku huo, aahirishe.