Treni si ndege, lakini Dodoma iko juu: wanayokosea wapiga mbizi wa bara

Kaa na mtu wa Dodoma aliyetoka kuzamia Mnemba au Mafia, utasikia mengi. Baadhi ni ya kweli. Mengine yanaweza kumlaza mtu hospitali.

Tuanze na "mtungi wa oksijeni", kama wengi wanavyouita mtungi anaobeba mzamiaji mgongoni. Mtungi wa kawaida una hewa ileile tunayovuta pale Nyerere Square, imechujwa tu na kushindiliwa hadi presha ya bar 200 hivi: oksijeni asilimia 21, iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Oksijeni tupu ukiivuta kina kikizidi mita 6 inaweza kugeuka sumu na kukutia degedege humohumo majini. Naitrojeni nayo ina kesi yake, tutaifikia.

"Bana pumzi, hewa itadumu." Hii husemwa hata na watu wanaoogelea vizuri, na ndiyo ya hatari kuliko zote ukiwa majini. Kila mita 10 za bahari huongeza presha sawa na ile ya hewa iliyo juu yetu. Kwa hiyo hewa iliyojaza mapafu yako kwenye mita 10, ukipanda nayo hadi juu inataka nafasi mara mbili, na mapafu yanaweza kuchanika. Anayetaka hewa idumu avute na kutoa taratibu, asiende chini sana (kwenye mita 20 mtungi huisha mara tatu upesi kuliko juu), na apunguze risasi za mkanda, yaani vile vipande vya madini mazito vinavyofungwa kiunoni ili mtu azame. Wengi wanaoanza kuzamia hufungwa risasi nyingi mno. Muda wote wanajaza hewa ya mtungi kwenye jaketi la kuelea na kuitoa, na mtungi unaishia hapo.

Kuhusu hofu ya papa sina la kurefusha: yule mkubwa anayefuatwa na watalii Kilindoni, Mafia, yaani potwe, anakula viumbe wadogo wanaoelea majini. Mafua ndiyo ya kuogopa zaidi. Ukitoka na vumbi letu la Julai pua ikiwa imeziba, masikio hayatafunguka chini, usilazimishe, ahirisha.

Sasa lile linalotuhusu sisi hasa: "Sipandi ndege, narudi na treni, kwa hiyo masharti ya kusubiri saa kadhaa baada ya kuzamia kabla ya kuruka hayanihusu."

Tangu SGR, reli ya kisasa, ifike Dodoma mwaka 2024, ratiba hii inawezekana kabisa: Jumapili asubuhi mbizi mbili Zanzibar, mchana boti, jioni treni, Jumatatu uko ofisini Mtumba. Kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa, inaonyesha kialama cha ndege iliyokatazwa, na abiria wa treni anakiangalia kama hakimhusu. Kinamhusu. Ukiwa chini, naitrojeni huyeyuka ndani ya damu na misuli. Presha ikishuka kabla haijatoka yote, hufanya mapovu mwilini. Mwili haujui umepandishwa na bawa, reli au tairi. Unachohisi ni mwinuko, na Dodoma ni mita 1,100 na ushee. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 88 ya ile ya pwani.

Mwongozo unaofuatwa sana ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au siku za mfululizo. Aliyezamia hadi akalazimika kusimama majini wakati wa kupanda ili kutoa naitrojeni asubiri zaidi. Saa hizo zimewekwa kwa ndege ambazo hewa ya ndani ni sawa na mwinuko wa mita 600 hadi 2,400, na Dodoma imo humo. Morogoro mjini, mita 500 hivi, haijafika huko; basi likishaanza kukwea kuelekea Gairo mambo yanabadilika. Kwa maoni yangu, zamia Ijumaa na Jumamosi asubuhi, Jumapili tembea Mji Mkongwe, kisha panda treni ya jioni.

Dhana hii ina ndugu yake: "Ni uchovu wa safari tu." Bega au kiwiko kinauma, mkono una ganzi, kichwa kinazunguka, basi mtu anajichua dawa au anakwenda kupima malaria. Dalili za mapovu mara nyingi huanza ndani ya saa chache, hata hadi siku nzima baadaye. Mwambie daktari mapema kwamba ulizamia, kina gani, saa ngapi. Hapo sasa oksijeni tupu ni dawa, tena huduma ya kwanza. Tiba yenyewe ni chemba ya presha, chumba maalumu ambamo mgonjwa hurudishwa kwenye presha kubwa.

Na kuna wanaouliza kama wanaweza kujifunzia kuzamia kwenye bwawa la Mtera ili kuokoa nauli. Bwawa lile liko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 hivi huwezi kutumia majedwali ya kuzamia ya baharini, yanayoonyesha muda wa kukaa kila kina, bila kuyarekebisha. Zaidi ya hayo maji yake yana tope, nyavu za wavuvi, viboko na mamba. Mazoezi ya mwanzo fanyieni kwenye bwawa la kuogelea la hoteli.