Kuhamia ualimu ukiwa ushaanza chuo: unahamisha kozi, huhamishi mwaka

Assalaam alaykum wanangu. Kila semista ya pili ikielekea ukingoni simu yangu hujaa meseji zenye sura moja: shikamoo mwalimu, mimi niko mwaka wa pili wa biashara (au utalii, au kompyuta), nataka kuhamia ualimu, jee nitaingia mwaka wa pili au wa tatu? Kazi yangu kitivoni ndo hiyo hiyo, kuzisoma transkripti za wanaotaka kuja kwetu na kusema kipi kinahama na kipi kinabaki kilikotoka, kwa hivo leo nnaandika kwa urefu ili mtu asome kabla hajaandika barua.

Suali la "nitaingia mwaka wa ngapi" ni la mwisho kujibiwa, na nyinyi mnaanza nalo. Mwaka haufanyiwi uhamisho. Kinachohama ni kozi moja moja, uliyoisoma, ukaifaulu, na ambayo huku tunakokupokea ina mwenziwe anayefanana nayo. Ukishajua hilo mambo mengi yanajieleza yenyewe.

Tuanze na hesabu ya krediti maana ndipo watu wanapopotea. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo ndo inasimamia vyuo vikuu vyote bara na visiwani, inahesabu krediti moja kuwa ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na hapo umo kukaa darasani, kusoma peke yako, asaimenti na mitihani. Mwaka mmoja wa masomo ni kama krediti 120 na shahada ya miaka mitatu si chini ya 360. Sa mtu anakuja na zake 120 mkononi anasema mwalimu mimi mwaka mmoja nnao tayari, nipeni wa pili. Hapana. Hizo 120 ni za shahada yako ile, na mimi lazima nizifungue moja moja.

Nikuonesheni inavokuwa. Chukua mtu aliyesoma mwaka wa kwanza wa uhasibu, kidato cha sita kasoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati), anataka kuwa mwalimu wa hisabati na jiografia. Nnaitandaza transkripti yake mezani. Stadi za mawasiliano, inahama. Kompyuta ya mwanzo, inahama. Maendeleo, inahama, kwa sababu hizo karibu kila chuo kinazo na yaliyomo hayapishani sana. Misingi ya uhasibu mbili, hazina pa kukaa kwetu, zinabaki. Halafu tunafika kwenye ile anayoitegemea sana, hisabati za biashara, kapata B+ na anajua hiyo ndo itamvusha. Nnafungua autlaini ya kozi, yaani karatasi ya mada zake: asilimia, riba, matriksi kidogo, ulinganifu wa faida na hasara. Huyu kesho atasimama mbele ya kidato cha tano na cha sita anatakiwa kusomesha kalkulasi na namba changamano, na kwenye hiyo autlaini kalkulasi imo wiki moja tu tena kwa kupitia. B+ yake ni ya halali kabisa, ila sio kozi ya mwalimu wa hisabati na nikiipitisha ntakuwa nimemdhulumu yeye kwanza halafu na wanafunzi wake.

Kwa hivo utaona mtu ana krediti 120 na zinazohama ni sehemu ndogo tu, na huyo ni mwanafunzi mzuri.

Ndo maana nnasema kila siku, transkripti peke yake haitoshi, leta na autlaini za kozi zote, zile karatasi mnazopewa wiki ya kwanza mkazitupa. Jina la kozi halinambii kitu. Kama huna, nenda dipatimenti yako uombe zenye muhuri, na uombe mapema ukiwa bado mwanafunzi wao, ukishaondoka utazungushwa. Kozi uliyofeli au yenye sapu (mtihani wa marudio) inayokungoja haihami, na aliyedisko, yaani aliyeondoshwa chuo kwa kufeli, asije na hoja ya kuhamisha krediti, yeye aombe upya kama mwanafunzi mpya. Na hapa niseme wazi linaloniuma, kuna wazee wanamwambia mtoto "ukishindwa huko si utaenda ualimu", kama vile skuli zetu ni pa kuwekea walioshindwa pengine, na mtoto anakuja na fikra hiyo kichwani halafu tunashangaa hisabati zinawashinda watoto wetu. Mwalimu dhaifu anapita mikononi mwake mamia ya watoto kabla hajastaafu.

La pili, na hili ndo linawakwamisha wengi zaidi kuliko krediti, ni masomo yako mawili ya kufundishia. Ualimu wa sekondari haukupi nafasi ya kuwa mwalimu tu hivi hivi, unakuwa mwalimu wa kitu. Sharti la jumla la kuingia shahada ni prinsipo mbili za kidato cha sita, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye pointi zisizopungua 4, A ikiwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1, sa D mbili zinakufikisha. Lakini kwa ualimu hizo mbili ziwe za masomo yanayofundishwa skuli na ambayo chuo unachokwenda kina walimu wa mbinu zake. Mtu wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) ana biashara na uhasibu vizuri sana, ila aulize kwanza kama chuo kile kinaandaa walimu wa masomo hayo, sio anaomba kisha anaambiwa chagua Kiswahili na historia ambazo kidato cha sita hakuzigusa. Mtu wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) hana tabu, wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia) hana tabu. Kombi yako ya zamani, yale masomo ya kidato cha sita, ina nguvu kuliko GPA yako ya sasa (wastani wa alama zako za chuo), wengi hawaamini mpaka wakirudishiwa fomu.

Wenye diploma ya ualimu nyinyi habari yenu ni nyengine kabisa. Diploma ni ngazi ya 6 na shahada ni ngazi ya 8, kwa hivo hamuhami, mnaomba udahili kwa GPA isiyopungua 3.0 au wastani wa B, kufuata diploma yako inavopimwa, na mnaanza mwaka wa kwanza, hata kama ushasomesha miaka kumi. Najua inauma, kuna mwalimu wa Micheweni alinambia mimi hiyo saikolojia ya mtoto nnaiishi kila siku. Anasema kweli, na darasani huwa ndo anayetusaidia.

Sasa kwa nini hata mwenye krediti nyingi mara nyingi harukishwi mbele? Jibu ni TP (teaching practice). Mazoezi ya kufundisha hayaendewi mikono mitupu. Kabla hujapelekwa skuli uwe ushasoma saikolojia ya elimu, mitaala, upimaji, na mbinu za kila somo lako, na mbinu hizo ndani yake kuna kusimama mbele ya wenzako na kuwasomesha, wanakukosoa, unarudia. Kozi hizi zinashikana, huwezi kusoma mbinu za jiografia kabla ya kujua lengo la somo linaandikwaje. Nimekagua TP nyingi na aliyerukishwa namjua kabla hajafungua mdomo, namjua kwenye andalio la somo: kipindi ni dakika 40, yeye utangulizi kaupa 20, tathmini dakika 2, na kwenye zana kaandika "chaki na ubao". Somo lenyewe analijua sana, anamwaga, watoto wa nyuma wanachora kwenye madaftari. Hilo halisahihishwi kwa krediti, linataka semista zake.

Kwa hivo jibu la kweli kwa anayetoka fani nyengine: jipange kuanza mwaka wa kwanza na kusamehewa baadhi ya kozi, ukipata zaidi ya hapo mshukuru Mungu. Anayetoka ualimu chuo kimoja kwenda ualimu chuo chengine, mathalan kutoka SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) kwenda Chuo Kikuu cha Sumait pale Chukwani au kinyume chake, yeye ana nafuu kubwa kwa sababu kozi za elimu zinafanana, hapo kweli mwaka unaweza kuokoka.

Barua sasa. Usijitoe chuo ulichopo mpaka uwe na barua ya kukubaliwa unakokwenda, yenye orodha ya kozi zilizokubaliwa, kwa maandishi, sio kwa mdomo wa mtu wa ofisini. Chuo unachotoka kikuruhusu, unachokwenda kikupokee, na TCU ipate taarifa, lazima vyote vitatu, na mwenye kukosa kimoja hugundua mwaka wa mwisho jina lake halimo. Wenye mkopo waiendee Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar kabla ya kutia saini yoyote, maana ukirudi mwaka wa kwanza miaka ya kusoma inaongezeka na uulize mwaka wa ziada utalipwa na nani, bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) likikatika katikati ya TP ni dhiki, nauli ya dala kila siku na chakula juu yako.

Wa Pemba msivuke na fotokopi. Chukueni orijino za vyeti, transkripti iliyofungwa na muhuri, autlaini zote, na kama mnaweza kusoma kampasi ya SUZA ya Mchangamdogo, huko huko Pemba, ulizeni kwanza masomo yenu mawili yapo kule kabla hamjatafuta dakhalia Unguja. Na mwenye PCM (fizikia, kemia na hisabati) au EGM anayeipenda hisabati kweli kweli, anitumie kombi yake na orodha ya kozi alizofaulu, ntaisoma mwenyewe na kumjibu zipi zinahama.