Je, wajua kwa nini shule kongwe za Mtwara haziko Mtwara mjini?

Muulize mzee wa kusini alikosomea. Utasikia Ndanda, utasikia Chidya, utasikia Masasi, zote za bara, ndani ya mkoa wa Mtwara. Mtwara mjini hutajwa kwa nadra, ingawa ndiko kwenye bandari, uwanja wa ndege na ofisi ya mkuu wa mkoa. Wageni waliokuja na shule za darasani walishukia pwani, basi ungetegemea shule zao za zamani ziwe huko huko. Kusini ni kinyume: ukitoka baharini unakwenda kilomita 200 hivi ndipo uifikie Masasi.

Jibu fupi ni kwamba wakati shule hizo zinaanza, mji wa Mtwara haukuwepo. Mji wa biashara ulikuwa Mikindani, jirani tu, na Lindi kaskazini yake. Mtwara ya leo ilichorwa baada ya mwaka 1947, Waingereza walipobuni mradi wa karanga Nachingwea na kutaka bandari yenye kina pamoja na reli ya kuzisafirishia. Karanga zenyewe hazikuota kwa kiasi walichokiota wao, mradi ukafa mwaka 1951, reli ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari na mji vikabaki. Kufikia hapo Masasi ilikuwa imeshafundisha watu kwa zaidi ya miaka 70.

Masasi nayo haikupangwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, wengi wao asili yao ni bara, kwenye nchi za Wayao na Ziwa Nyasa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu nyuma. Nia ilikuwa kuwarudisha watu hao kwao. Walipita Lindi, wakapanda bara, na walipofika chini ya ile milima ya mawe ya Masasi wakaona ardhi nzuri, wakatua hapo hapo. Kwa hiyo wanakijiji wa kwanza wa misheni, na watoto wa kwanza wa shule yake, walikuwa watu waliokwisha kuuzwa. Nadhani hili halisemwi vya kutosha tunapozisifu shule za kusini.

Mambo hayakuwa shwari. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi na kuteka watu. Baadhi ya wamisheni wakahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao, na kazi ikatawanyika vijijini. Kule Chitangali alifundisha Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, akasomea Kiungani, chuo cha UMCA huko Unguja, na kupewa upadre mwaka 1890. Wazungu walikuwa wachache na homa iliwamaliza; mtu aliyebeba darasa kila siku alikuwa mwalimu Mwafrika kama yeye.

Je, pwani hawakusoma? Walisoma, tena kabla ya wote. Mikindani na Lindi zilikuwa na vyuo vya Kurani, mtoto akianza na alifu, akiandika kwa wino juu ya ubao. Ukihesabu hivyo, shule kongwe kweli ziko pwani, ila hazikuwahi kuingia kwenye orodha za serikali. Wajerumani walipofungua shule yao Lindi, isiyo ya dini na ya kufundisha kwa Kiswahili, walichotaka ni makarani. Wamisheni nao hawakuona nafasi kubwa katika miji ya Waislamu, wakapita.

Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walipita vilevile. Misheni zao za Lukuledi na Nyangao zilichomwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakajenga Ndanda. Mahali penyewe panaeleza mengi. Juu ya uwanda wa Makonde maji ya juu ya ardhi hakuna. Akina mama walikuwa wakishuka mteremko na mitungi na kupanda nayo kichwani. Ndanda iko chini ya mteremko huo, pale maji yanapotokeza. Shule ya bweni yenye vijana mamia wa kupikiwa na kufuliwa haiwezi kukaa pasipo maji, na hospitali hali kadhalika.

Mpinzani mkubwa wa shule hizi alikuwa jando. Kijana akiingia kumbini darasa linamsahau. Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi kuanzia mwaka 1926, badala ya kulipiga vita aliliingiza kanisani, likawa na sala na usimamizi wa misheni. Wako waliomshangaa. Mvutano haujaisha: hadi leo viongozi wa Mtwara na Lindi huwahimiza wazazi wafanye jando na unyago wakati wa likizo.

Kisha serikali ikazichukua. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa taifa, na mwanafunzi hakuulizwa tena dini yake. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, alikuwa amekwisha kupita Ndanda zama za wamisheni; akiwa Rais ndipo ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, na ada ya shule ya msingi ikafutwa. Shule za kata zikafuata, na hapo ndipo sekondari ilipoacha kuwa safari ya kubeba tranka.

Kidato cha tano bado ni safari. Wanafunzi hupangwa kitaifa, kwa hiyo kijana wa Tandahimba anaweza kujikuta Tanga, na wa Mwanza akashushwa na basi Ndanda, hajui hata kuwa Mtwara mjini ni mbali bado.