Je, Wajua Kwa Nini Kahawa Haiondoi Usingizi wa Dereva wa Lori?

Mjomba wangu ameendesha trela kati ya Mombasa na Malaba, mpakani na Uganda, kwa miaka mingi, na nilipokuwa mdogo nilipenda kumtazama akijiandaa kwa safari. Chupa ya kahawa chungu yenye tangawizi, kibunda cha miraa ndani ya jani la mgomba, njugu, bablish mbili tatu. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya usingizi. Unakunywa, unatafuna, usingizi unakwisha, kama moto uliomwagiwa maji. Niliendelea kuamini hivyo hadi ukubwani, na kila dereva niliyemuuliza aliniambia vivyo hivyo.

Si kweli. Ukinywa kahawa, usingizi unabaki palepale ulipokuwa. Kinachokatika ni taarifa zake tu.

Tuanze na usingizi wenyewe. Tangu unapoamka, seli za ubongo zinatumia nishati, na katika kuitumia hubaki kemikali iitwayo adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyorundikana. Ubongo una vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, na adenosini inapotua juu ya vipokezi hivyo seli hupunguza kasi: kope zinakuwa nzito, miayo inaanza, wazo unalolishika linateleza. Ukilala, rundo hilo hupungua taratibu.

Dereva yeyote wa barabara hii anaijua mizani ya Mariakani. Lori linapanda juu ya bamba, uzito unasomwa, na likizidisha linazuiwa. Sasa chukulia kwamba kipokezi ndicho bamba, na adenosini ndiyo lori lenye shehena. Kafeini, kichangamshi kilichomo ndani ya kahawa, ina umbo linalokaribiana na la adenosini, kiasi cha kuweza kukaa mahali pake, ila haina uzito wa kuishtua mizani. Ni kama bodaboda iliyoegeshwa katikati ya bamba. Lori halina pa kukanyaga. Karani ndani ya ofisi anatazama kioo chake, anaona sifuri, anaandika kwamba barabara haina mzigo. Huko nje foleni inazidi kurefuka, kwa sababu wewe bado uko macho na adenosini inaendelea kutengenezwa.

Kisha bodaboda huanza kuondoka. Mwili wa mtu mzima huchukua saa tano hivi kuondoa nusu ya kafeini aliyokunywa. Kwa wengine ni saa tatu, kwa wengine hata saba, na anayevuta sigara huivunja upesi zaidi, kwa hiyo kikombe kilekile humtosha tanboi, yaani msaidizi wa garini, na kisimtoshe dereva wake. Mabamba yakiachwa wazi, malori yaliyokuwa yakingoja yanapanda kwa mfululizo. Ndipo dereva aliyetoka Mombasa akiwa mchangamfu anapojikuta amelegea baada ya Mtito Andei, akidhani kahawa ya siku hiyo ilikuwa mbovu. Tena, panya wa maabara waliopewa kafeini kila siku walionekana kuongeza vipokezi vya adenosini, yaani mabamba mapya yalijengwa pembeni ya yale yaliyozibwa. Panya si dereva, lakini jambo hilo linaendana na malalamiko ya wanywaji wengi kwamba kikombe kimoja hakiwashtui tena.

Miraa hupita njia nyingine. Jani bichi lina kathinoni, ambayo huusukuma ubongo kumwaga dopamini na noradrenalini, kemikali zake za kuchangamsha. Haizibi bamba, inakanyaga mafuta. Lori lililozidisha uzito linaweza kupanda mlima likikanyagiwa vya kutosha, lakini uzito ni uleule na ekseli zinaumia vilevile. Kathinoni yenyewe haidumu: jani likikauka hugeuka kuwa kathini, iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa jani la mgomba na kukimbizwa usiku kutoka Nyambene huko Meru inakolimwa, maana ikipita siku mbili hivi nguvu zake zimepungua sana. Hilo lilinistaajabisha nilipolijua, kwamba yale magari yanayopita kwa kasi ya kutisha yanakimbizana na kemia ya jani. Hapa pana tahadhari. Tafiti za kafeini na udereva ni nyingi, za miraa na udereva ni chache, kwa hiyo mfano wangu wa ekseli umeegemea zaidi kemia kuliko vipimo vya barabarani. Lililothibitika vizuri ni kwamba miraa hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na stimu ikiisha huacha uchovu nyuma yake.

Juu ya mzigo huo kuna saa ya mwili. Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Zurich aliueleza usingizi kuwa kazi ya mambo mawili: mzigo unaoongezeka kadiri unavyokaa macho, na saa ya ndani inayopanda na kushuka kila siku hata kama umelala vya kutosha. Saa hiyo hushuka zaidi kati ya saa nane usiku na alfajiri, kisha hushuka tena kidogo mchana kati ya saa nane na saa kumi. Kwetu ni rahisi kukumbuka, maana saa nane zote mbili ni mbaya.

Mzigo ukiwa mkubwa na saa ikiwa chini, ubongo hujichukulia usingizi bila ruhusa, sekunde moja hadi kumi na kitu, na macho yanaweza kubaki wazi. Kosa langu la pili lilikuwa hapa, kwa kudhani anayesinzia lazima afumbe macho na lazima ajue. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa lori hupita mita 22 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu mita 90, na hapo hakuna mtu kwenye usukani.

"Macho yalikuwa wazi, mwanangu," mjomba aliniambia. Alikuwa amepita Kibwezi. Kilichofuata katika kumbukumbu yake ni taa za Makindu. Katikati hapo hakumbuki tuta, hakumbuki gari alilopishana nalo. Safari nyingine alimkwepa ng'ombe mweupe ambaye tanboi hakumwona. Madereva wana hadithi nyingi za viumbe wanaovuka barabara usiku, na sina haja ya kubishana na mtu kuhusu majini. Ila inajulikana kwamba ubongo ulioanza kulala huweza kuchanganya ndoto na barabara.

Wanaosema "sisi tumezoea" wanastahili kusikia jaribio lililochapishwa mwaka 2003 kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Watu waliolala kwa muda wa saa sita tu kila usiku kwa siku 14 waliishia kufanya vibaya katika vipimo vya umakini kama mtu aliyekesha usiku mzima, na waliolala kwa muda wa saa nne walikuwa hoi zaidi. Walipoulizwa walivyojisikia, walisema wana usingizi kidogo tu. Walichozoea ni ile hali ya kusinzia. Umakini wao uliendelea kushuka.

Na dereva hachagui kukesha kwa ukaidi. Kontena linatoka bandarini jioni, usiku barabara ina nafasi na matairi hayachemki, malipo ya wengi yanafuata safari. Ukifika foleni ya Malaba hulali pia. Kila robo saa unasogea mita chache, na ukilala fofofo utaamka tangi likiwa limenyonywa dizeli. Wapo pia wanaolala kwa muda wa saa nane nzima kitandani ndani ya kebini na kuamka wamechoka, hasa wanene wa shingo wanaokoroma na kukatikiwa pumzi. Hao wanahitaji daktari, kwa sababu pumzi inakatika mara nyingi usiku na mzigo haushuki ipasavyo.

Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio? Watafiti wa Loughborough, Uingereza, Louise Reyner na Jim Horne, walivipima miaka ya 1990. Vilisaidia kwa muda mfupi tu, wa kutosha kutafuta mahali pa kuegesha. Kilichofanya vizuri zaidi kilikuwa kikombe cha kahawa kikifuatwa na usingizi chini ya dakika 15. Kafeini huchukua kama nusu saa kufika kazini, na kwa muda huo usingizi unakuwa umeshapunguza malori machache kwenye foleni. Ukilala zaidi ya nusu saa unaweza kuamka umelewa usingizi, na inabidi ungoje upungue kabla ya kushika usukani.

Jaribio hilo lilipima saa mbili za kuendesha, tena kwenye mashine ya kuigiza na mchana. Halisemi lolote kuhusu kufika Malaba. Mjomba siku hizi huegesha Mtito Andei kabla ya saa nane usiku. Anakunywa kikombe kimoja, anavua viatu, anamwachia tanboi simu yenye kengele, na kengele ikilia akaona bado ni mzito, anamwambia arudishe pazia wangoje kupambazuke.