Anwani ya Intaneti Ikibadilika, Faiawoli ya Nyumbani Isibaki Nyuma

Wakazi wengi wa Tanga waliounganisha intaneti nyumbani, iwe Raskazone, Chumbageni au Ngamiani, hawajui kwamba anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha ruta yao (kifaa kinachoiunganisha nyumba na intaneti) kwa dunia, si mali yao, bali wamekodishwa. Mara nyingi mtoa huduma huitoa kwa muda maalumu kupitia DHCP, utaratibu wa kugawa anwani kiotomatiki, na nusu ya muda huo ikifika, ruta huomba kuongezewa. Ikikubaliwa, anwani hubaki ileile. Lakini umeme ukikatika na muda ukaisha ruta ikiwa imezimika, au mtoa huduma akipanga upya mtandao wake, ruta inaweza kuwaka na anwani nyingine kabisa, wala hakuna mtu nyumbani atakayeona tofauti.

Tofauti huonekana kwenye faiawoli, yaani mlinzi wa ruta anayeamua kipi kipite na kipi kizuiwe, hasa pale aliyeiweka alipoandika kanuni zake kwa kutaja anwani ya siku ile. Hapo hutokea moja ya mambo mawili. La kwanza ni kukatika kwa mawasiliano: ruta huendelea kuziandikia pakiti (vifurushi vya data) zinazotoka anwani ya zamani kama anwani ya mtumaji, na majibu yakija hayaifikii tena nyumba hiyo. Hili linaudhi, lakini angalau linajulikana mara moja, na mtu huita fundi. La pili ndilo linalotutia wasiwasi sisi tunaofanya kazi ya Tehama. Kanuni inayosema “zuia kila kinachokuja kwenye anwani hii” haiguswi tena na pakiti yoyote, kwa sababu pakiti sasa zinakwenda kwenye anwani mpya. Na kama msimamo wa msingi wa faiawoli ni kuruhusu, basi ruta yenyewe imebaki wazi. Intaneti inafanya kazi vizuri, watoto wanatazama video, na kufuli limebaki kwenye mlango wa nyumba mliyokwisha kuhama.

Dawa yake ni kuandika kanuni kwa kutaja upande ambao pakiti inaingilia, si anwani. Kila ruta ina upande wa nje, ambao kwenye vifaa vingi umeandikwa WAN, na upande wa ndani. Msimamo wa msingi uwe kukataa. Kisha yaruhusiwe majibu ya mawasiliano yaliyoanzishwa na watu wa ndani, na kila kingine kinachoingia kutoka upande wa nje kizuiwe, anwani iwe iwayo yote. Ruta nyingi zinazonunuliwa dukani hufanya hivyo zenyewe, ilimradi mtu hajazichokonoa. Kwa wale waliogeuza kompyuta kuukuu kuwa ruta kwa mfumo wa Linux, kanuni ya SNAT, inayoziandikia pakiti zinazotoka anwani iliyotajwa, inafaa anwani isiyobadilika, ilhali MASQUERADE husoma anwani iliyopo kwenye upande wa nje wakati huo. Tena kanuni zipakiwe kabla upande wa nje haujawashwa, kwa maana zikisubiri anwani ipatikane kwanza, zile sekunde chache za katikati hazina mlinzi.

Lipo kosa jingine ambalo ningependa lifikiriwe kwa uzito. Mwenye duka Ngamiani anaweza kuiagiza ruta ya duka lake iruhusu anwani ya nyumbani kwake tu, ili atazame kamera usiku. Anwani ya nyumbani ikibadilika, yeye atafungiwa nje, na ile ya zamani inaweza kukabidhiwa mteja mwingine, ambaye sasa ndiye aliyeruhusiwa kuingia. Anwani ya kukodi haifai kuwa kitambulisho cha mtu. Njia salama zaidi ni VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, yenye funguo za siri, ikielekezwa kwa jina la intaneti linalojisasisha kila anwani ya duka inapobadilika.

Ukiona upande wa nje wa ruta yako una anwani iliyo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, unashiriki anwani moja ya umma na wateja wengine. Hali hiyo haiondoi haja ya faiawoli. Kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani za IP, haja ni kubwa zaidi, kwani kila kifaa cha nyumbani huweza kuwa na anwani yake ya umma, na sehemu ya mwanzo ya anwani hizo nayo hubadilika.

Baada ya umeme kurudi, soma anwani ya sasa kwenye ukurasa wa ruta. Kama ni ya umma, zima Wi-Fi kwenye simu, washa bando, kisha jaribu kufungua anwani hiyo kwenye kivinjari. Usijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani, kwa sababu hapo unaingilia upande wa ndani. Ukurasa wa kuingilia wa ruta ukijitokeza, zima usimamizi wa kutoka nje siku hiyohiyo, badilisha nenosiri, kisha rudia jaribio.