Simbilisi Akitenganishwa na Watoto Wake: Mambo ya Kuangalia kwa Mama

Swali moja huturudia mara kwa mara kutoka kwa wafugaji wa simbilisi (guinea pig) wa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania: je, mama huumia watoto wake wakichukuliwa? Wengine huuliza kwa huruma, wengine kwa sababu jike ameacha kula na wanaogopa hasara. Kwa wote wawili naanzia kwenye chuchu.

Jike wa simbilisi ana chuchu mbili tu, zilizo nyuma karibu na kinena, ilhali kwa kawaida huzaa watoto wawili hadi wanne. Mimba yake huchukua takribani siku 68, muda mrefu kwa mnyama mdogo namna ile. Panya humaliza kwa wiki tatu. Faida yake ni kwamba mtoto huzaliwa na manyoya, meno na macho yaliyo wazi, na siku hiyohiyo anakimbia. Baada ya siku mbili tatu utamwona akitafuna majani ubavuni mwa mama yake. Ndiyo maana mama hatengenezi kiota, wala mtoto akipotelea kona ya banda hamfuati kumbeba kwa meno kama afanyavyo paka. Yeye huketi ameinua mgongo, wawili wananyonya, waliobaki wanasukumana wakingoja zamu. Hata mtoto wa jike mwenzake akijipenyeza, mara nyingi humwacha anyonye.

Kuna wanaoona hayo wakasema mnyama huyu hana mapenzi. Sikubaliani nao. Siku za mwanzo huwalamba watoto nyuma ili waweze kukojoa, na huwaacha wamlalie ubavuni. Ila malezi yake ni ya utulivu, na hata kutengana hukupokea kwa utulivu. Watoto wakiondolewa anaweza kuzunguka ukutani, kunusa pembe walizokuwa wakilala na kutoa sauti. Jike mwenye afya, aliyebaki na wenzake, hurudi kwenye majani yake upesi.

Mwenye kuteseka zaidi ni mtoto. Huko Marekani, Michael Hennessy wa Wright State University, Ohio, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Kitoto kikiwekwa peke yake mahali pageni hupiga mluzi mkali mfululizo. Baada ya saa moja hivi hunyamaza, hujikunyata, hufumba macho, na manyoya husimama kama ya mnyama mgonjwa. Na mwilini mna dalili za ugonjwa kweli, kwa maana joto hupanda na kinga ya mwili huamka kana kwamba kuna kidudu kimeingia. Mama akiwa karibu, homoni ya msongo iitwayo kotisoli haipandi sana. Ujerumani nako, Norbert Sachser wa Chuo Kikuu cha Münster ameonyesha kwamba hata simbilisi wakubwa hutulia zaidi mahali pageni wakiwa na mwenza waliyemzoea. Kwa hiyo jike aliyetoka kuondolewa watoto asihamishwe banda siku hiyo, wala asiachwe peke yake.

Sasa turudi kwenye chuchu, maana hatari kubwa ya mama iko huko. Maziwa yake huwa mengi zaidi mnamo wiki ya kwanza, kisha hupungua, na kufikia wiki ya tatu yamekaribia kukauka. Ukiwaondoa watoto wakati huo, mwili wake umeshajiandaa. Ukiwaondoa wakiwa na siku tano, au wakifa wote kwa baridi usiku mmoja, kiwele kinabaki kimejaa na hakuna wa kukinyonya. Hapo kama kuna kitoto cha jike mwingine anayeshindwa kuwatosheleza wake, mpe huyu. Mshike mama mara mbili kwa siku umguse kiwele taratibu. Kiwele kikiwa kigumu, cha moto, chekundu au kinaelekea rangi ya zambarau, huo ni uvimbe wa kiwele na unaweza kumuua.

Tafadhali usikimbilie duka la dawa za mifugo ukaomba penisilini. Penisilini, ampisilini na amoksisilini zinazomponya mbuzi huua vijidudu vyema vya tumboni mwa simbilisi, na mnyama hufa kwa kuhara wakati uvimbe unapona. Mwite daktari wa mifugo, umwambie mapema kwamba mgonjwa ni simbilisi. Vilevile simbilisi asiyekula siku nzima ni mgonjwa wa dharura, hata kama unadhani ni huzuni tu. Mpe majani mabichi na pilipili hoho, kwani mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, na anayenyonyesha huihitaji zaidi.

Kuna kutengana ambako hakuna budi kufanyike. Madume wadogo watolewe wakifikisha wiki tatu, kwa sababu muda si mrefu wataanza kumpanda mama yao na dada zao, na majike huweza kushika mimba wakiwa na wiki nne hadi sita tu. Watoto majike wanaweza kubaki na mama, almradi hamna dume. Watoe madume wote pamoja uwaweke banda moja. Mmoja mmoja katika boksi lake ni kuwatafutia ule mluzi tulioutaja.

Na baba? Huyu wafugaji wengi humsahau bandani. Jike huingia joto saa chache tu baada ya kuzaa, kwa hiyo dume akiwepo, mama atakuwa ananyonyesha huku ana mimba nyingine. Jike wa namna hiyo akikonda baada ya watoto kuondolewa, watu husema ni majonzi, kumbe huenda ni mzigo wa mimba. Mpime uzito kila wiki, umpapase tumbo kwa vidole viwili kwa upole. Na safari ijayo, mtoe dume kabla jike hajazaa.